Picha ya Mtoto na Ridhaa ya Mzazi: Faragha ya Watoto Mtandaoni

Faragha ya mtoto kwenye intaneti ni haki yake ya kutotangazwa, kutofuatiliwa wala kuchunguzwa na watu asiowajua. Nchini Kenya msingi wake ni Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachomkinga kila mtu dhidi ya kufichuliwa ovyo kwa habari za familia na mambo yake ya binafsi. Haki hiyo haisubiri mtu atimize miaka 18. Mtoto anayo tangu azaliwe, ila utekelezaji wake umo mikononi mwa watu wazima wanaomlea.

Data binafsi ni habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu: jina, sura, sauti, tarehe ya kuzaliwa, anwani, alama za mtihani, hali ya afya. Lavington, mtaa wa magharibi mwa Nairobi, una shule nyingi za kibinafsi, na ni kawaida kwa shule za aina hiyo kujitangaza kwa picha za wanafunzi. Picha moja ya mtoto siku ya kutuzwa hubeba mengi. Kwenye sweta kuna nembo ya shule, kwenye cheti kuna majina yake matatu na darasa lake. Nyuma yake limeegeshwa basi la shule, namba ikisomeka. Chini ya picha ameandikiwa hongera kwa kutimiza miaka saba. Hakuna siri hapo, kila jambo likitazamwa peke yake. Yakiunganishwa, mtu asiyemjua kabisa anapata jina la mtoto, umri wake, anakosoma na gari linalomrudisha nyumbani jioni. Akimwita kwa jina langoni, mtoto atadhani ni rafiki wa wazazi.

Faili yenyewe pia inaweza kuhifadhi saa na mahali ilipopigwa. WhatsApp huondoa rekodi hiyo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, lakini ikitumwa kama hati, rekodi husafiri nayo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inashughulikia suala hili katika kifungu cha 33. Hairuhusiwi kukusanya wala kutumia data ya mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na hata ridhaa ikipatikana, matumizi hayo lazima yalinde haki na maslahi bora ya mtoto. Anayeshughulikia data anatakiwa pia kuwa na njia ya kuthibitisha umri wa mtoto na ridhaa iliyotolewa. Wanaotoa huduma za ushauri nasaha au za ulinzi wa watoto pekee wanaweza kusamehewa sharti la ridhaa, kwa kuwa wakati mwingine anayemdhulumu mtoto ni mzazi mwenyewe. Kenya imekwenda mbali kuliko Marekani, ambako sheria ya 1998 kuhusu faragha ya watoto mtandaoni huwalinda walio chini ya miaka 13 tu.

Sheria ya Kenya imeshauma. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoongozwa wakati huo na Immaculate Kassait, iliitoza Roma School ya Uthiru, magharibi mwa jiji la Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kiasi hicho kilikaribia kikomo cha shilingi milioni tano kilichowekwa na sheria. Uamuzi huo ulizifundisha shule zote kwamba kulipiwa karo si kupewa ruhusa ya kumtangaza mwanafunzi.

Ridhaa ya kweli hutolewa kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtoaji anaweza kuiondoa wakati wowote. Mstari mmoja uliofichwa katika fomu ya kujiunga na shule hautoshi. Fomu nzuri hutenganisha picha ya kitambulisho, picha ya jarida la shule na picha ya Facebook au TikTok, na kumwachia mzazi nafasi ya kukubali moja na kukataa nyingine. Mtoto wa anayekataa hatakiwi kutengwa. Mpiga picha anaweza kuwapiga picha wanafunzi kwa mbali, au kutoka nyuma wakiwa kazini, na tangazo likabaki na mvuto.

Nyumbani hatari huingia kwa mlango wa mapenzi. Mzazi huweka picha ya mtoto akioga, shangazi huisambaza kwenye kundi la ukoo, na baada ya hapo hakuna ajuaye imefika wapi. Ni busara kutoonyesha nembo, ratiba wala lango la nyumbani, kufunga akaunti kwa watu wasiojulikana, na kuzima ruhusa za mahali, kamera na maikrofoni katika michezo ya simu isiyozihitaji. Mtoto aliyefika umri wa kuelewa aulizwe kabla picha yake haijawekwa. Akizoea kuombwa ruhusa, atajua pia kukataa mgeni anapomwomba picha.

Haki ikivunjwa, mzazi huanza kwa kumwandikia aliyechapisha, akidai data ifutwe. Akipuuzwa, hupeleka malalamiko kwa Kamishna, na sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Picha ikiwa ya kingono, hiyo ni jinai: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaweka adhabu ya hadi miaka 25 gerezani, faini ya hadi shilingi milioni 20, au zote mbili. Hapo inafaa kwenda polisi mara moja na kuhifadhi ushahidi bila kuusambaza. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga simu ya bure 116 ya Childline Kenya. Njia hizi zote huja baada ya madhara, wala amri ya kufuta haizifikii nakala zilizokwisha kupakuliwa. Ndiyo maana sheria inataka ridhaa itangulie picha.