Fahamu: Kwa nini bustani ya umma si ya kila mtu Nairobi

Mwaka 1989, mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park. Bustani ikanusurika. Lakini kunusurika ni jambo moja, kufikika ni jingine: msitu wa Karura hulipiwa kiingilio, na mzazi wa mtaa wa Kibera huanza na nauli ya matatu, yake na ya watoto.

Njia nyingine ni kuisogeza bustani mtaani. Huko Kibera, shirika la Kounkuey na wakazi wamegeuza majalala kando ya mito kuwa viwanja vya michezo. Wakazi huchagua kinachojengwa: choo, maji, vibanda vya biashara. Mapato ya huduma hizo husaidia matunzo ya viwanja, mzigo ambao, kwa maoni yangu, ulipaswa kubebwa na kaunti.