Bunduki ya kulindia shamba: tuitazame njia ya risasi kabla ya kutazama bei

Mpunga unapoanza kutoa masuke katika majaruba ya Misungwi, nyumba nyingi hugawana zamu. Baba huondoka baada ya Swala ya Alfajiri kwenda kuamia ndege. Mama humfuata na uji, kisha humpokea. Watoto, ambao haki yao ilikuwa kuwa darasani au madrasa, hukaa juu ya dungu wakiwa na manati na madebe ya kupiga. Upande wa vilima vya mawe, tumbili husubiri mahindi yakomae. Usiku nungunungu huchimbua viazi, na nguruwe pori huharibu kwa saa moja kazi ya miezi mitatu.

Ni katika hali hiyo ndugu yetu mmoja, mkulima na baba wa watoto watano, alitusimamisha baada ya Swala ya Ijumaa akatuuliza: bunduki ndogo ya kuwaulia waharibifu hawa ni ipi? Alitaka iliyo nyepesi, isiyo na mshindo mkubwa, na ambayo risasi zake hazitamfilisi. Hakuuliza kwa pupa. Msimu uliopita alipata magunia manne mahali alipozoea kupata kumi. Tumeona swali lake tulijibu hapa, kwa kuwa linaulizwa kimyakimya katika nyumba nyingi.

Dini yetu yasemaje

Kuilinda mali ni jambo lenye daraja katika Uislamu, na mkulima anayelinda chakula cha watoto wake hana lawama. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, aliruhusu viumbe watano wenye madhara wauawe hata ndani ya eneo takatifu la Makka, na panya na kunguru ni miongoni mwao. Wanazuoni wamechukua kutoka hapo msingi wa kumwondoa mnyama mwenye kudhuru.

Lakini ruhusa hiyo ina mipaka. Tumekatazwa kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya kujifunzia. Tumeamrishwa ihsani katika kila jambo, hata katika kuua, ili mnyama asiteseke. Basi anayenunua bunduki dhaifu kwa sababu ya urahisi wa bei, kisha akamjeruhi nguruwe akaenda kufa porini baada ya siku tatu, amekwenda kinyume na amri hiyo. Na ipo hadithi ya Abdullah bin Mughaffal ambayo kila mzazi angeifahamu: Mtume (S.A.W.) alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, kwa kuwa havipati windo wala havimwumizi adui, ila huvunja jino na kutoboa jicho. Ikiwa kijiwe kimewekewa katazo, risasi itakuwaje?

Kwanza mjue mharibifu

Hakuna bunduki moja inayofaa kwa wanyama wote. Dhidi ya kweleakwelea, bunduki haina kazi yoyote. Ndege mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10. Dawa yake ni kutoa taarifa mapema kwa ofisa ugani, ili mamlaka husika zipulizie mahali wanapolala.

Nguruwe pori ni mnyama mwenye ngozi ngumu na mifupa mizito. Bunduki ndogo humwongezea hasira tu, na nguruwe aliyejeruhiwa humrudia mpigaji. Kiboko anayepanda kutoka ziwani usiku asiguswe kabisa na mkulima. Huyo ni wa askari wa wanyamapori.

Wanabaki tumbili, panya buku, nungunungu na kunguru. Hao ndio ambao bunduki ndogo ilitengenezwa kwa ajili ya wanyama wa kadiri yao.

Bunduki zenyewe

Iliyo maarufu zaidi duniani kwa kazi hii ni ile ya kipenyo cha .22, yaani milimita 5.6, ambayo risasi yake ya aina ya Long Rifle ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887. Risasi hiyo ina uzito wa gramu 2.6 hivi na haina mshindo mkubwa. Kwa mtu mwenye shabaha hufaa hadi mita 70 au 80. Wengi huidharau kwa udogo wake, na hapo ndipo penye hatari, kwani ikipigwa juu huweza kuruka zaidi ya kilomita moja kabla ya kuanguka.

Ipo nyingine ya .223, ambayo kipenyo chake hakipishani sana na cha kwanza, lakini risasi yake hukimbia karibu mita 1,000 kwa sekunde, kasi inayokaribia mara tatu ya ile ndogo. Hutumiwa katika mbuga pana za Marekani na Australia, mahali ambapo jirani yu mbali. Katika vijiji vyetu, ambako shamba hupakana na shamba na njia ya wachota maji hupita katikati, hatuioni kuwa na nafasi.

Ya tatu ni bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani. Hii hutupa punje ndogo nyingi kwa pamoja, na nguvu yake hupungua upesi. Kwa tumbili au kunguru, kazi yake huishia kwenye mita 40 hivi. Punje ndogo huanguka baada ya mita mia chache, wala hazifiki kijiji cha pili.

Na gobore? Lile linalofuliwa kienyeji, lisilo na kibali, huenda likampasukia mwenyewe usoni, na ni kosa la jinai. Aliyerithi gobore la babu yake alisalimishe polisi. Mara kadhaa serikali imetoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa.

Mawe na maji

Lipo jambo la Misungwi ambalo muuzaji wa dukani hatakwambia. Ardhi yetu imejaa majabali, na majaruba yetu yamejaa maji. Risasi ya risasi laini iendayo polepole, kama ile ya .22, ikigonga jabali au uso wa maji kwa mshazari huruka na kushika njia nyingine asiyoijua mpigaji. Tumbili naye makao yake ni juu ya majabali hayo hayo. Kwa hiyo anayempiga tumbili jiweni, au ndege juu ya jaruba, ameiachia risasi ijichagulie mahali pa kwenda, na huenda mahali hapo pakawa mgongo wa mtoto aliye juu ya dungu la jirani.

Kanuni ni kwamba usipige mpaka nyuma ya unachokipiga pawe na udongo, tuta au mteremko wa kuipokea risasi. Pasipo na udongo, usipige, hata kama mahindi yanaliwa mbele ya macho yako.

Sheria za nchi

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, na athibitishe kuwa anajua kuitumia silaha. Maombi huanzia ngazi ya kijiji na kata, yakapitia kamati za ulinzi na usalama na kwa polisi. Kibali ni cha mtu aliyetajwa humo, hakiazimishwi kwa shemeji wala kijana wa kazi. Asidhani mtu kuwa bunduki ya upepo iko nje ya haya. Aulize kituo cha polisi kwanza.

Aidha, kibali cha bunduki si kibali cha kuwinda. Wanyamapori wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Aliyelazimika kumuua mnyama katika kulinda uhai au mali anapaswa kutoa taarifa. Kanga na kwale ni halali kwetu kuliwa, lakini huwindwa kwa leseni. Mwenye leseni ataje jina la Allah kabla ya kufyatua, na akimkuta windo angali hai amchinje. Likiangukia majini likafia humo, aliache, kwani hajui kama limeuawa na risasi au na maji.

Silaha ndani ya nyumba

Mama wa nyumba naye aulizwe kabla ya fedha kutoka, kwa maana silaha italala chini ya dari moja na watoto wake. Bunduki ihifadhiwe bila risasi, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, na risasi zikae kasha jingine. Mtume (S.A.W.) alikataza kumwelekezea ndugu chuma hata kwa mzaha. Mtoto afundishwe hilo mapema kama anavyofundishwa kutia udhu.

Tulivyomjibu

Tulimwambia ndugu yetu kwamba ikiwa ni lazima, na akipata kibali, achague ya marisau na asichukue ya .22, kwa sababu ya majabali na majirani. Tukamwomba kwanza ajaribu njia zisizo na hatari: mbwa wa shamba, ambaye sheria ya dini imemruhusu, uzio wa miiba upande wa kilima, na zamu ya pamoja ya kaya jirani, ili watu wazima wawili waamie mashamba sita na watoto warudi shuleni. Kuhusu nguruwe pori, apeleke taarifa kijijini ili askari wa wanyamapori waitwe.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa jaruba lake linatazamana na njia ya madrasa. Akaongeza kuwa zamu ya pamoja ataianza Jumatatu, na suala la bunduki atalitafakari baada ya mavuno.

Tulimkumbusha pia bishara ya Mtume (S.A.W.) kwamba Muislamu anapopanda mmea, kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama huandikwa kwake kuwa sadaka. Bishara hiyo haituzuii kulinda mashamba. Inatutuliza tu, tusije tukaitupa roho ya mtu kwa ajili ya suke la mpunga ambalo tayari limeshaandikiwa malipo.

Allah (S.W.) azibariki mvua na mavuno yetu, na awahifadhi watoto wetu. Amin.