MAZIWA YA KUGANDA NA TANGO: CHEMSHA KWANZA, GANDISHA BAADAYE



Mtu aliyeshinda kazini kwenye joto mara nyingi anarudi nyumbani hana hamu ya kula. Ukimwekea fufu na maharage yenye pilipili, anaonja kidogo na kusukuma sahani. Wahindi, ambao nao wanajua joto na pilipili, wana chakula cha kumsaidia mtu kama huyo. Wanakiita raita. Ni kama kachumbari iliyotiwa ndani ya maziwa ya kuganda, na huwekwa pembeni ya wali au nyama ili kupoza kinywa.

Vitu vyake vinapatikana sokoni Ariwara: matango, vitunguu, na maziwa ya wafugaji wetu wa Aru. Hatari iko katika maziwa hayo.

Watu wengi wanafikiri kwamba maziwa yakiisha kuwa makali, ugonjwa umekufa. Si kweli. Ukali wa maziwa hauui vijidudu vyote. Ng'ombe au mbuzi anaweza kuwa na ugonjwa wa brusela, na vijidudu vyake vinaweza kubaki hai katika maziwa mabichi yaliyoganda. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alivigundua katika kisiwa cha Malta, ambako askari waliugua sana. Mwaka 1905 ikajulikana kwamba vinatoka kwa mbuzi. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na ugonjwa ukapungua sana kati yao. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupitia maziwa mabichi. Dawa ya yote mawili ni moto.

NAMNA YA KUGANDISHA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Chuja lita 1 ya maziwa katika sufuria safi.
2. Chemsha mpaka yapande, kisha punguza moto na uyaache yachemke dakika chache huku unakoroga.
3. Acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Dondosha tone moja juu ya mkono: liwe moto kidogo bila kuunguza. Yakiwa moto sana, yataua mbegu. Yakiwa baridi, hayataganda.
4. Tia vijiko 2 vya mbegu, yaani maziwa ya kuganda ya zamani, ukoroge polepole.
5. Funika, zungushia blanketi, uache saa 6 mpaka 8 bila kutikisa.

Angalia sana mbegu yako. Ukiitoa katika maziwa mabichi ya jirani, umerudisha ugonjwa katika maziwa uliyochemsha. Mara ya kwanza nunua yogati ya kiwandani isiyo na sukari. Baada ya hapo, weka akiba kila unapogandisha.

NAMNA YA KUCHANGANYA

Osha tango kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa sababu halitapikwa tena. Menya, katakata vidogo, nyunyiza chumvi kidogo, ngoja dakika 10, kamua maji. Changanya na vikombe 2 vya maziwa ya kuganda na kitunguu kidogo kilichokatwa. Ukipata bizari nyembamba, ikaange kikavu, uisage na kuitia. Majani ya nanaa au dania yanafaa pia. Kuleni siku ileile. Yasilale mpaka kesho kama hamna friji.

VYOMBO

Tumia bakuli la udongo, kioo au enameli isiyobanduka. Usiweke maziwa makali katika ndoo ya bati, kwa maana ukali unatoa madini ya bati na kuumiza tumbo. Na chombo kilichowahi kushika zebaki ya kukamatia dhahabu kisiingie jikoni kamwe, hata ukikisugua kwa mchanga na sabuni.

MSIDANGANYIKE

Wachimbaji wengine husema maziwa yanasafisha vumbi katika mapafu na kuondoa sumu ya zebaki. Hayafanyi hivyo. Maziwa yanapita tumboni. Vumbi liko mapafuni. Kinachokukinga ni kulowesha mwamba kwa maji, kuvaa kinga ya pua na mdomo, na kukaa mbali na moshi wa zebaki. Tena, raita haichukui nafasi ya maji ya kunywa wakati wa kazi. Mtoto mwenye kuhara apewe maji ya chumvi na sukari ya dispensari, naye anayenyonya aendelee kunyonya.

Mwisho, ukiwa na homa inayokuja na kuondoka kwa majuma, jasho la usiku na maumivu ya viungo au kiuno, usimeze dawa za malaria tu kwa kubahatisha. Njoo dispensari upimwe, na umwambie muuguzi waziwazi: "Nyumbani kwetu tunakunywa maziwa mabichi." Neno hilo moja linaweza kumwonyesha njia ya ugonjwa wako.

Kuni za kuchemsha sufuria moja ni chache. Homa ya brusela inatibiwa kwa majuma mengi, na siku hizo zote mfanyakazi yuko kitandani na watoto wanamngoja. Chemsha kwanza, gandisha baadaye.