Si Kila cha Kahawia ni Chokoleti

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tuyaweke kando mambo makubwa makubwa, tuzungumzie kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Nacho ni chokoleti. Zamani chokoleti ilikuwa zawadi ya mtu aliyerudi kutoka Ulaya. Siku hizi imejaa kila mahali: kwenye supamaketi, kwenye vituo vya mafuta, hata katika duka la Mangi pale mtaani. Moja inauzwa kwa bei ya soda. Nyingine, iliyolala karibu yake na yenye uzito ule ule, inauzwa mara tano ya bei hiyo. Zote ni za kahawia, zote zimevikwa karatasi ya kung'aa, na zote ni tamu. Basi mnunuzi ana haki ya kuuliza: tofauti iko wapi? Au tunalipia jina tu?

Swali hilo lina jibu, lakini jibu lenyewe halimo katika matangazo ya biashara. Limo mahali pawili: katika maandishi madogo yaliyo nyuma ya karatasi, na katika ulimi wa mlaji mwenyewe.

Tuanze na kitu chenyewe. Chokoleti hutokana na mbegu za mkakao. Mkulima hupasua tunda, hutoa mbegu zilizofunikwa na utelezi mweupe, huzivundika kwa siku kadhaa, kisha huzianika juani. Huko kiwandani mbegu hukaangwa, humenywa na kusagwa mpaka zikawa uji mzito. Karibu nusu ya uzito wa mbegu iliyomenywa, na mara nyingi zaidi ya nusu, ni mafuta. Mafuta hayo ya kakao ndiyo siri kubwa ya chokoleti. Katika chumba chenye ubaridi wa wastani huwa yameganda, lakini joto likifika kiasi cha nyuzi 34 huyeyuka. Mwili wa binadamu una nyuzi 37. Ndiyo maana chokoleti halisi, ukiiweka ulimini bila kuitafuna, huyeyuka yenyewe.

Lakini mafuta ya kakao ni ghali, na wanaoyagombea si wenye viwanda vya chokoleti peke yao. Watengenezaji wa vipodozi nao huyataka. Kwa hiyo kiwanda kinachotafuta unafuu hupunguza mafuta hayo, au huyaondoa kabisa, na mahali pake hutia mafuta ya mawese au ya kokwa za mchikichi yaliyogandishwa kitaalamu. Kisha huongeza unga kidogo wa kakao kwa ajili ya rangi na harufu, na sukari kwa wingi. Baadhi ya mafuta hayo hayayeyuki yote kwa joto la kinywa. Mlaji humaliza kula, lakini juu ya kaakaa hubaki utando kama wa mshumaa.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili limegombanisha hata mataifa makubwa. Uingereza ilipojiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973 iliingia na desturi yake ya kuchanganya mafuta mengine kidogo katika chokoleti. Nchi kama Ufaransa na Ubelgiji zikasema hiyo si chokoleti. Mzozo ukaendelea kwa zaidi ya robo karne. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ukatoa sheria moja: mafuta mengine ya mimea yanaruhusiwa, lakini yasizidi asilimia 5, na mnunuzi aelezwe kwenye karatasi. Sheria hiyo hiyo inataka chokoleti ya kawaida iwe na kakao isiyopungua asilimia 35, na ile ya maziwa, kwa jumla, isipungue asilimia 25. Italia na Hispania zilijaribu kuilazimisha bidhaa yenye mafuta mengine iitwe kibadala cha chokoleti, lakini mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba nchi hizo zimekiuka sheria.

Wala mambo hayo si ya zamani tu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 tani moja ya kakao ilikuwa chini ya dola 3,000. Mwaka 2024 bei ikapita dola 10,000. Viwanda vikaanza kutafuta pa kupunguzia. Mwaka 2025, huko Uingereza, biskuti mashuhuri za Penguin na Club zilipunguziwa kakao kiasi kwamba hazikuweza tena kuandikwa kuwa ni za chokoleti. Zikaandikwa kuwa zina ladha ya chokoleti. Neno hilo moja, ladha, ndilo la kulitafuta unaponunua. Pale mtengenezaji asipothubutu kuandika chokoleti peke yake, ana sababu yake.

Sasa tuje kwenye kuonja. Kazi hii haihitaji maabara. Nunua aina tatu au nne zinazolingana: zote za maziwa, au zote nyeusi. Usichague zenye karanga, zabibu wala biskuti ndani, kwa sababu vitu hivyo huficha kasoro. Usizionje zikiwa zimetoka kwenye friji, maana baridi hufa ganzi ulimi. Mtu mwingine nyumbani azivunje vipande vilivyo sawa, aviweke kwenye sahani zenye namba, na karatasi azifiche. Karatasi ikionekana, macho huhukumu kabla ya ulimi.

Kwanza tazama. Chokoleti iliyotengenezwa vizuri hung'aa na ina rangi moja. Utando wa kijivu au mweupe si ukungu wala sumu. Mara nyingi ni mafuta ya kakao yaliyoyeyuka kwa joto yakaganda tena vibaya, au ni sukari iliyoguswa na unyevu. Mara nyingi maana yake ni kwamba haikuhifadhiwa vizuri, na hilo huwa ni kosa la msafirishaji au mwenye duka.

Pili sikiliza. Ivunje karibu na sikio. Chokoleti nyeusi iliyo njema hukatika kwa mlio mkavu, na ile ya maziwa kwa mlio wa chini kidogo. Mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa namna 6 tofauti, na kazi ya fundi ni kuyapasha na kuyapoza kwa vipimo mpaka yagande kwa namna moja iliyo bora. Inayopinda kama mkate wa jana imeharibikiwa hapo, au imelainishwa na joto.

Tatu nusa. Ikiwa kinachokuja ni harufu ya vanila peke yake, hakuna kikubwa nyuma yake. Kakao nzuri ina harufu ya kitu kilichokaangwa, pengine na ya matunda.

Nne weka ulimini na usitafune. Hesabu pole pole. Je, inayeyuka yenyewe? Ni laini, au ina mchanga mchanga? Ulimi huanza kuhisi chembe zinapozidi milimita 0.03 hivi, ndiyo maana viwanda husaga sana. Mswisi Rodolphe Lindt mwaka 1879 alibuni namna ya kuikoroga chokoleti kwa saa nyingi, na ulaini tunaoujua leo ulianzia hapo.

Tano ngoja. Baada ya kumeza, kaa dakika moja. Chokoleti nzuri huacha ladha ya kakao inayoendelea kubadilika. Duni huacha sukari kooni na nta kwenye kaakaa. Kunywa maji ya uvuguvugu, kisha onja inayofuata.

Wapo watakaosema: hizo za bei nafuu angalau haziyeyuki mfukoni, na kwetu ni joto. Ni kweli, lakini ustahimilivu huo una gharama yake. Mwaka 1937 Kapteni Paul Logan wa Jeshi la Marekani alikiomba kiwanda cha Hershey kitengeneze chokoleti ya askari. Iwe na uzito wa aunsi 4, iwe na nguvu nyingi, isiyeyuke kwenye joto kali, na utamu wake uzidi kidogo tu ule wa kiazi cha kuchemsha, ili askari wasiimalize kabla ya dhiki. Kiwanda kilitia unga wa oti na kutimiza masharti yote. Askari waliichukia. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa, dawa ni kununua kidogo, kutoka duka lenye baridi, na kula mapema.

Tutofautishe pia ubora na mazoea. Chokoleti nyingi za maziwa za Marekani zina uchachu ambao Mzungu wa Ulaya huukunjia uso, na Mmarekani aliyekulia nao huutafuta. Hapo hakuna mshindi. Wala usidanganywe na namba: asilimia 70 inaeleza wingi wa kakao, haielezi uzuri wake. Kakao iliyovundikwa vibaya, hata ukitia asilimia 90, itabaki kuwa ukakasi na uchungu mtupu.

Hapo ndipo shauri hili linapotuhusu sisi wenyewe. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka Kyela, mkoani Mbeya. Jirani zetu Waganda huilima Bundibugyo, na Wakongo huko Beni. Mkulima anayevundika mbegu zake kwa uangalifu siku zote zinazotakiwa hutegemea kwamba, mwishoni mwa safari ndefu, yupo mlaji anayeweza kutambua tofauti. Pasipo mlaji huyo, mbegu njema na mbegu mbovu hutiwa gunia moja kwa bei moja, na mwenye bidii huona bidii yake ni hasara.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, safari ijayo geuza karatasi kabla ya kufungua pochi. Orodha ya viungo huanza na kilicho kingi. Ikianza na sukari na kufuatiwa na mafuta ya mimea, wakati kakao imejificha mkiani, ujue unanunua peremende ya kahawia. Kula ukipenda, lakini usiilipie bei ya chokoleti.