Mwanao mwenye ulemavu kachaguliwa chuo kikuu? Anzeni maandalizi kabla ya kuripoti

Dar es Salaam. Mtoto akichaguliwa kujiunga na chuo kikuu, nyumba nzima huchangamka. Ndugu wanachangia nauli, mama ananunua shuka, ndoo na godoro, baba anahangaika na ada. Lakini kwa familia yenye kijana anayetumia kitimwendo, asiyeona, asiyesikia au mwenye ualbino, furaha hiyo huja na swali ambalo godoro na ndoo haviwezi kulijibu: huko anakokwenda, ataishije?

Swali hilo ni la afya kama lilivyo la elimu. Mwanafunzi wa kitimwendo akikuta choo cha karibu na darasa kina ngazi mbili mlangoni, mara nyingi halalamiki. Anaacha kunywa maji. Anabana mkojo tangu kipindi cha asubuhi hadi jioni, siku tano kwa wiki.

Tabia hiyo humkausha maji mwilini na kumweka kwenye hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo. Akianza kuumwa, anakosa vipindi, na kwenye karatasi ya mahudhurio anaonekana mtoro. Ngazi mbili ambazo hakuna aliyezipangia bajeti zimemtoa darasani.

Sheria ipo upande wake

Katiba ya Tanzania, ibara ya 11, inampa kila mtu haki ya kujielimisha, na kila raia uhuru wa kutafuta elimu katika fani anayoipenda hadi upeo wowote, kulingana na stahili na uwezo wake. Mwaka 2009 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unagusa pia elimu ya juu. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza chuo cha umma kimejiandaaje kumpokea mwanawe haombi hisani. Anauliza jambo ambalo sheria imeshalisema.

Kugawa sawasawa hakutoshi

Wapo wanaodhani usawa ni kumpa kila mwanafunzi kitu kilekile. Chukua chumba cha mtihani. Wote wanapewa karatasi moja na saa tatu. Asiyeona karatasi ile kwake ni tupu, na hata akipewa ya nukta nundu, kuisoma kwa vidole huchukua muda mrefu zaidi. Akiongezewa muda hajapendelewa, amepewa nafasi ya kuonyesha anachokijua kama wenzake.

Ndivyo ilivyo pia kwa asiyesikia, ambaye mhadhara bila mkalimani wa lugha ya alama ni midomo inayocheza tu. Mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu usiorekebishwa kikamilifu na miwani, hivyo anahitaji kiti cha mbele na maandishi makubwa. Ratiba inayomtembeza juani saa saba mchana kutoka jengo moja hadi jingine inaiweka ngozi yake kwenye hatari ya saratani.

Somo kutoka Makerere

Mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwaongezea waombaji wa kike alama 1.5 katika udahili, kwa kuwa wanawake walikuwa takriban robo tu ya wanafunzi. Idadi yao ilipanda sana katika miaka iliyofuata.

Hata hivyo, ukosoaji ulijitokeza. Walionufaika zaidi walikuwa wasichana wa familia zenye uwezo, waliosoma shule nzuri za mjini. Binti wa kijijini ambaye hakufika kidato cha sita hakuwa na alama za kuongezewa.

Funzo lake ni kwamba mpango wa ujumuishi hupimwa kwa kuangalia nani hasa umemfikia, na nani bado yuko nje ya geti.

Chuo kilichojipanga kinajulikanaje

Kwanza, kinawahesabu mapema. Chuo kinachojua mwezi wa nane kwamba mwaka huu kina wanafunzi wawili wa kitimwendo kinaweza kuhamishia vipindi vyao vyumba vya chini. Kikigundua siku ya usajili, kinabaki kuomba wenzao wawabebe.

Pili, kina mtu anayewajibika, ambaye mwanafunzi anajua ofisi yake ilipo. Tatu, kina fungu la bajeti la wakalimani, karatasi za nukta nundu na kompyuta zenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Nne, majengo yake yanafikika.

Hilo la nne mzazi anaweza kulipima mwenyewe kwa futi kamba. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka njia ya sentimita 180. Ikiwa fupi kuliko hapo, inakuwa kali na kitimwendo kinaweza kupinduka. Mlango nao uwe na nafasi isiyopungua sentimita 80.

Kwenye kampasi kama Mlimani, Dar es Salaam, iliyojengwa juu ya kilima, mteremko ni sehemu ya kila safari ya kwenda darasani. Umbali kutoka hosteli ni jambo la kuulizia mapema.

Mzazi afanye nini

Mwanao aseme hali yake kwenye fomu za udahili. Ulemavu si maradhi, lakini methali ya mficha maradhi inawagusa wazazi wanaoacha sehemu hiyo wazi wakihofia mtoto atanyimwa nafasi. Chuo hakiwezi kumpangia asiyeonekana kwenye orodha.

Kwa anayeomba mkopo, ulemavu ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa na Bodi ya Mikopo. Unahitaji uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa, hivyo usisubiri wiki ya mwisho. Someni mwongozo wa mwaka husika.

Andikeni barua kwa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi mkitaja mahitaji moja moja: chumba cha chini, choo kinachofikika, muda wa ziada wa mtihani. Bakini na nakala.

Mkiweza, fikeni chuoni kabla ya siku ya kuripoti. Kijana apite mwenyewe njia ya hosteli, darasa, maktaba, zahanati na choo.

Mkumbusheni pia kujitunza. Wa kitimwendo ajiinue au abadilishe mkao kila baada ya dakika 15 hadi 30 ili kuepuka vidonda vya mgandamizo, hata mhadhara ukiwa mrefu. Mwenye ualbino asiache kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua.

Mwisho, mwachieni azungumze. Baba akijibu kila swali pale ofisini, mhusika hatamjua mwanafunzi wake. Baada ya wiki moja mzazi atakuwa amerudi nyumbani, na anayebaki kudai funguo za choo ni yule kijana.