Namba mbili za kufikisha gari la wagonjwa mlangoni

Fungua ramani kwenye simu, andika -6.82, 39.28 kwenye sehemu ya kutafutia, nayo itakupeleka maeneo ya Kariakoo, Dar es Salaam. Sahau ile alama ya kutoa, ramani itakutupa kusini mwa Ethiopia. Rudisha alama lakini geuza mpangilio, 39.28 itangulie na -6.82 ifuate, utajikuta Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Tarakimu ni zilezile, ila umeshavuka bara.

Kosa la namna hiyo lina gharama pale anayesubiri ni mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi au mtoto aliyeumwa na nyoka. Mitaa mingi ya Afrika Mashariki haina vibao vya majina wala nyumba zenye namba. Tunaelekezana kwa mwembe, kwa duka la Mangi, kwa msikiti wenye bati la kijani. Jirani ataelewa. Dereva wa gari la wagonjwa anayetoka wilaya nyingine saa nane za usiku hataelewa. Namba mbili za mahali, yaani latitudo na longitudo, zinaweza kumfikisha, alimradi aliyezituma anajua kila moja inasema nini.

Latitudo: namba inayotoka angani

Latitudo hupima mahali palipo kaskazini au kusini ya ikweta. Ikweta ni 0, na kila ncha ya dunia ni 90. Ikweta haikupangwa na kikao chochote. Dunia yenyewe, kwa kuzunguka kwenye mhimili wake, ndiyo iliyoamua mstari huo upite wapi. Kwetu hupita Nanyuki nchini Kenya na Kayabwe nchini Uganda, na kulikata Ziwa Victoria.

Tanzania yote iko kusini ya mstari huo, kwa hiyo kila latitudo yake huandikwa kwa alama ya kutoa au herufi S. Wakazi wa Kenya, Uganda na Kongo wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ikweta imepita ndani ya nchi zao. Kampala iko takriban digrii 0.3 kaskazini, Kisumu takriban digrii 0.1 kusini.

Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111 popote duniani. Mwanza iko digrii 2.5 kusini na Mbeya digrii 8.9 kusini, na miji hiyo imekaribiana sana kwa longitudo. Toa, upate digrii 6.4, zidisha kwa 111, upate kilomita 710 hivi kwa njia ya angani. Basi litakwenda zaidi ya hapo, maana barabara hukwepa milima na maziwa.

Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima latitudo karne nyingi kabla ya setilaiti. Walitumia kamal, kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo. Nahodha aliuma fundo kwa meno, akanyoosha uzi, akalinganisha ukingo wa chini wa ubao na upeo wa bahari na ukingo wa juu na Nyota ya Kaskazini. Kimo cha nyota hiyo juu ya upeo hukaribiana na latitudo ya mtazamaji. Chombo kilipoteremka kuelekea Zanzibar au Sofala ya Msumbiji, nyota hiyo ilizama, hivyo mabaharia walihamia nyota nyingine zilizo juu zaidi. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, aliyaandika maarifa hayo katika karne ya 15.

Latitudo imewahi pia kuwa chanzo cha damu. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliifanya latitudo ya digrii 1 kusini kuwa mpaka magharibi ya Ziwa Victoria, na sehemu kubwa ya mpaka wa Tanzania na Uganda inaifuata hadi leo. Mto Kagera, kabla ya kuingia ziwani, umejipinda kusini ya mstari huo na kuacha kipande cha ardhi ya Tanzania cha kilomita za mraba 1,800 hivi ng'ambo ya mto. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalikiteka kipande hicho, naye akadai kwamba mpaka ni mto. Vita vilivyofuata viliangusha utawala wake Aprili 1979. Mstari ambao hakuna mtu anayeweza kuuona ardhini ulibaki pale pale.

Kwa upande wa afya, latitudo inaeleza ukali wa jua. Kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, jua hufika utosini mara mbili kwa mwaka. Dar es Salaam hali hiyo hutokea karibu na tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba, ambapo mlingoti ulionyooka hukosa kivuli kwa dakika chache za adhuhuri. Miale inayoshuka wima hupita kwenye hewa kidogo zaidi, hivyo mionzi mingi ya urujuanimno hutufikia. Ndiyo sababu watu wenye ualbino wanaoishi karibu na ikweta huhitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua mwaka mzima.

Longitudo: namba inayotoka kwenye saa

Longitudo hupima mahali palipo mashariki au magharibi. Mistari yake hushuka kutoka ncha hadi ncha na kukutana huko, kama mikato ya vipande vya chungwa. Kwa hiyo digrii moja ya longitudo ni kilomita 111 kwenye ikweta, hubaki nusu tu ya hapo kwenye latitudo ya 60, na huisha kabisa kwenye ncha. Kwetu tulio karibu na ikweta upungufu ni mdogo, na hesabu ya 111 hutosha.

Tofauti na latitudo, dunia haikutupa sifuri ya longitudo. Ilibidi watu wakubaliane. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington na kuchagua mstari unaopita kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich, London. Nchi 22 zilikubali, San Domingo ilikataa, Ufaransa na Brazil hazikupiga kura. Afrika Mashariki iko mashariki ya mstari huo, kwa hiyo longitudo zetu zote ni chanya.

Longitudo iliwasumbua mabaharia kwa muda mrefu kwa sababu haisomeki kwa kimo cha nyota peke yake. Inahitaji saa. Dunia hugeuka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika nne. Anayejua ni saa ngapi Greenwich wakati jua liko juu kabisa mahali alipo, anajua yuko wapi. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly na kupoteza watu zaidi ya elfu moja. Mwaka 1714 Bunge la nchi hiyo likatenga zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata dawa ya tatizo la longitudo. Aliyefaulu alikuwa John Harrison, seremala aliyejifunza mwenyewe kutengeneza saa, ambaye saa yake ilijaribiwa katika safari ya Jamaica iliyoanza mwaka 1761.

Hesabu ya dakika nne inaonekana wazi wakati wa Ramadhani. Dar es Salaam iko longitudo 39.3 na Kigoma 29.6. Tofauti ni digrii 9.7, sawa na dakika 39 hivi. Mfungaji wa Dar anamaliza futari na kujiandaa kwa tarawehe wakati mwenzake wa Kigoma bado analisubiri jua lizame Ziwa Tanganyika, ingawa saa zao za ukutani zinasema wakati uleule.

Saa hiyo ya ukutani nayo ni makubaliano. Tanzania, Kenya na Uganda hufuata wakati wa longitudo ya 45, mstari unaopita Somalia, jirani na Mogadishu. Kwa jua lenyewe, saa ya Kigoma imetangulia kwa kama saa nzima. Panda kaskazini kando ya ziwa hadi Bujumbura, ambako longitudo inatofautiana na ya Kigoma kwa chini ya nusu digrii, na utalazimika kurudisha saa nyuma kwa saa moja. Jua halijahama. Umevuka mpaka tu.

Mambo matano ya kuangalia kwenye ramani

Namba mbili huonyesha mahali palipo. Ramani huonyesha pamezungukwa na nini, na haisomeki bila vitu vitano: jina, dira, ufunguo, skeli na tarehe.

Jina husema ramani inahusu eneo gani na jambo gani. Dira huonyesha kaskazini, na usidhani kaskazini lazima iwe juu: ramani ya dunia ya mwanajiografia al-Idrisi, iliyokamilika Sicily mwaka 1154, iliweka kusini juu. Ufunguo hufafanua alama, kwa mfano ni mstari gani barabara ya lami na upi njia ya miguu. Tarehe hukuonya kwamba daraja lililochorwa huenda lilishasombwa na mafuriko.

Skeli ndiyo inayohitaji kazi ya mkono. Ramani nyingi za ardhi za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa 1:50,000, maana yake sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani nusu kilomita. Tuseme umepima kwa rula kutoka kijijini hadi zahanati ukapata sentimita 7. Hiyo ni kilomita 3.5. Sasa chukua uzi, ulaze juu ya barabara kona kwa kona, kisha unyooshe kwenye rula. Ukipata sentimita 12, umbali wa kweli wa machela ni kilomita 6. Halafu tazama mistari ya kontua, yaani ya mwinuko: ikibanana, ni mlima mkali. Tazama kama mstari wa mto unakatwa na alama ya daraja. Pasipo na alama hiyo, zahanati ya kilomita 6 inaweza kuwa haifikiki wakati wa masika.

Ramani iliyosaidia kukamata kipindupindu

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mtaa wa Soho, London. Madaktari wengi wakati huo waliamini ugonjwa huo huenezwa na hewa chafu. Daktari John Snow alikusanya taarifa za vifo nyumba kwa nyumba, na alipovichora kwenye ramani, kila kifo kwa kijistari cheusi, vijistari vilirundikana kuzunguka bomba la maji la Broad Street. Hata pengo lilikuwa na maana: wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa hapo jirani hawakufa, kwani walikunywa bia na walikuwa na kisima chao. Mpini wa bomba hilo uliondolewa tarehe 8 Septemba. Mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua, lakini hoja ya maji machafu ilipata ushahidi ambao mtu yeyote angeweza kuuona kwa macho.

Wafuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko wanatumia mantiki hiyohiyo leo, ila mahali pa kijistari wanaandika latitudo na longitudo za nyumba ya mgonjwa. Ikikosewa namba moja, mgonjwa wa kisima hiki atahesabiwa kwenye kisima kingine, na dawa ya kutibu maji itapelekwa kusikohitajika.

Jinsi ya kupata namba zako

Simu yenye GPS hupokea ishara za setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya dunia. Kila setilaiti hutangaza wakati kwa saa sahihi mno, na simu ikizisikia nne au zaidi hukokotoa mahali ilipo. Kupokea ishara hizo hakuli bando. Picha ya ramani ndiyo inayohitaji intaneti, na programu ya dira katika baadhi ya simu huonyesha namba hata bila mtandao. Toka nje penye anga wazi na usubiri kidogo, kwa sababu bati na zege hudhoofisha ishara.

Andika tarakimu nne au tano baada ya nukta. Tarakimu mbili huacha shaka ya kilomita 1.1, nne huipunguza hadi mita 11. Latitudo itangulie, longitudo ifuate, na alama ya kutoa isiachwe. Ukikuta dakika na sekunde, usizigeuze nukta kiholela: digrii 6, dakika 49 na sekunde 12 ni 6.82, kwa kuwa dakika 60 ndizo hufanya digrii moja. Anayeandika 6.49 amesogeza Kariakoo zaidi ya kilomita 36 kaskazini, na gari la wagonjwa litaelekezwa baharini, kati ya Dar es Salaam na Unguja.

Basi tafuta leo namba za nyumba yako na za zahanati iliyo karibu. Zijaribu kwanza kwa kumtumia ndugu aliye mbali na kumuuliza ameonyeshwa wapi. Zikishathibitika, ziandike kwenye karatasi na uibandike ukutani, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuzisoma kwenye simu. Viongozi wa mitaa na vijiji nao wafanye hivyo kwa shule, visima na vituo vya afya vya maeneo yao. Kazi hiyo haina gharama, na haifai kusubiri siku ya dharura.