Ghorofa Zinaongezeka Liwatoni: Jua Haki Yako Kabla ya Kuuza, Kununua au Kuhama

Sura ya Liwatoni na Ganjoni inabadilika. Nyumba za chini zenye ua mpana zinabomolewa na mahali pake kujengwa fleti, maduka yakiwa chini na makazi juu. Mtaa uliojulikana kwa maghala na kituo cha samaki sasa unatafutwa na wanaotaka kuishi karibu na bandari na kivuko cha Likoni. Daraja la kuelea la waendao kwa miguu, lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021 kuunganisha Liwatoni na Ras Bofu, lilizidi kuutangaza.

Sababu kubwa ni idadi ya watu. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 939,370 katika Kaunti ya Mombasa. Ile ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Kaunti Ndogo ya Mvita, iliyo kisiwani, ilikuwa na watu 154,171. Kisiwa hakipanuki, kwa hivyo ujenzi unakwenda juu na bei ya ploti inapanda. Ploti moja ikiuzwa, wanaoguswa ni wengi, na kila mmoja ana haki zake.

Mwenye nyumba bila ardhi

Mombasa ina utaratibu wa miaka mingi ambapo ardhi ni ya mtu mmoja na nyumba iliyo juu yake ni ya mwingine, anayelipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Uko Majengo na katika mitaa mingine ya zamani. Kwa kawaida sheria huhesabu jengo kuwa sehemu ya ardhi, lakini mahakama zimeutambua utaratibu huu wa Pwani.

Hatari hutokea ardhi inapouzwa kwa mjenzi wa ghorofa. Familia iliyorithi nyumba ya Kiswahili kutoka kwa babu yao hupata habari kwamba ploti ina mwenyewe mpya, nao hawana hatimiliki. Ushahidi wao ni karatasi: risiti za kodi ya ardhi, mkataba wa kununua nyumba, hati za mirathi. Zitunzwe, na kodi isilipwe bila risiti.

Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye ardhi kumpa mtu anayekaa bila idhini yake notisi ya maandishi ya miezi 3 au zaidi kabla ya kumwondoa. Aliyepewa notisi anaweza kuipinga katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayelipa kodi asikubali kuhama kwa maneno ya mdomo.

Mwenye duka

Mpangaji wa duka au hoteli asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, analindwa na sheria ya 1965 kuhusu wapangaji wa biashara. Mwenye jengo anaruhusiwa kumtoa ili abomoe na kujenga upya, lakini kwa notisi ya maandishi isiyopungua miezi 2. Mpangaji asiyekubali apeleke shauri katika Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya notisi kukamilika.

Mnunuzi wa fleti

Mnunuzi aanze kwa upekuzi katika ofisi ya msajili wa ardhi, ajue hatimiliki ina jina la nani na kama imewekwa rehani. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inamwezesha mwenye fleti kupata hati ya sehemu yake pamoja na fungu katika ngazi, maegesho na maeneo mengine ya pamoja. Aulize kabla ya kulipa kama hati hiyo itatolewa. Pia aweke akiba ya ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani.

Mjenzi na jirani

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna ujenzi unaoruhusiwa bila kibali cha kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000, kufungwa hadi miezi 2, au vyote viwili. Mradi pia husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na ule mkubwa hupitia NEMA.

Jirani naye ana sauti. Ploti ya makazi ikiombewa kugeuzwa ya biashara, anaweza kuwasilisha pingamizi kwa maandishi akieleza hofu yake, iwe ni maji taka, kivuli au njia ya zimamoto. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Kaunti, na baada ya hapo mahakamani.

Mkazi anayetilia shaka jengo lolote afike ofisi ya kaunti inayosimamia ardhi na mipango akiwa na nambari ya ploti, aulize kama lina kibali na cha ghorofa ngapi.